Mti wa Ngoma Ulitoka Butihinda

Mtu ninayetaka kumwelezea alikuwa mwongo, na ninasema hilo kwa heshima. Kwa miaka mingi aliwatembeza wageni katika boma moja la kifalme nje ya mji wa Gitega, lile dogo, si lile maarufu linalopigwa picha za kalenda, na kila mgeni aliondoka na uongo wake mwenyewe, uliokatwa na kushonwa kwa vipimo vyake. Uongo huo haukumdhuru mtu mpaka ulipoingia kwenye simu. Hapo mwanamke mmoja wa Butihinda, huko Muyinga, akauamini kiasi cha kuupeleka mbele ya wazee kudai shamba la babu yake, na shamba likampotea. Natanguliza mwisho ili msomaji asinilaumu akijikuta amecheka. Kwa mtu huyu, kucheka kulikuja kwanza.

Jina lake sitalitaja. Mtaani Musinzira, alikokaa, wote walimwita Gide, neno la Kifaransa la mtembeza wageni, likiwa limevuliwa viatu mlangoni. Mkewe, fundi cherehani, alimwita Gide. Msikitini walimwita Gide. Siku moja niliuliza jina lake halisi, akanitazama kama mtu aliyeombwa kuvua koti hadharani.

Koti lenyewe lilikuwa la kahawia, la suti ambayo suruali yake ilishakufa zamani. Alivaa kofia ya kufuma na ndala safi, na mfukoni alikuwa na kitambaa cha kufutia mikono kabla ya kuigusa ngoma yoyote. Hakuwa mpiga ngoma. Wapiga ngoma wenyewe, wanaume wenye shingo kama magogo, walimtania: "Gide, sisi tunapiga kwa mikono, we unapiga kwa mdomo." Naye alijibu: "Na mi sijawahi kupasua hata moja."

Njia yake ya kazi ilikuwa hivi. Mgeni akiingia bomani, Gide hakumwonyesha chochote. Alimuuliza: "Mnatoka wapi?" Na hakuridhika na jibu la juujuu. Ukisema Ngozi, alitaka kilima, ambacho kwetu ndicho kijiji. Ukitaja kilima, alitaka kujua kuna kijito gani, kuna mti gani, nani alikuwa na ng'ombe. Baada ya hapo ndipo alipoanza kutembea, mikono nyuma, na popote alipokufikisha, palikuwa na kitu chako. Ngozi ya ngoma ile ilitoka kwa ng'ombe wa kilima chenu. Nyasi za kuezekea zilibebwa na bibi zenu, wakiimba. Lango hili, watu wa kwenu ndio waliolilinda, kwa kuwa mwami, yaani mfalme, hakuamini watu wengine kulala karibu naye.

Nimemwona akifanya hivyo kwa mfanyabiashara Mkongo wa Kivu ya Kusini aliyekuwa akiuza vitenge pale sokoni Gitega, mkimbizi aliyezoea kuulizwa atarudi kwao lini. Gide alimwambia kwamba ufungaji wa kamba za kukazia ngoma ulifundishwa na mafundi waliovuka mto Ruzizi wakakaa hapa bomani wakiheshimiwa. Yule bwana akasema, "Kumbe siye tulikuwa hapa?" Jumapili iliyofuata alikuja na kanisa lake lote, wanakwaya kwa sare, wakataka kuziona kamba.

Nimemwona pia akimuuliza mzungu mmoja anatoka wapi. Mzungu akasema Ubelgiji. Gide alifikiri, akazunguka boma zima akitafuta, akarudi langoni akamwonyesha kufuli. "Hii ni ya kwenu," alisema. Mzungu alicheka sana. Nadhani baadaye, kwenye gari, hakucheka.

Na mimi? Siku ya kwanza nilimwambia kwetu ni Nyarusange. Nilikuwa nimevaa miwani na nilikuwa nimeshataja chuo kikuu mara kadhaa, kama kawaida yangu. Alinipeleka nyuma ya boma, kwenye mfereji uliojaa magugu. "Watu wa Nyarusange," alisema kwa heshima, "ndio walioondoa maji machafu ya mwami." Nilijua ni uongo. Hata hivyo jioni ile nilimsimulia mke wangu habari za mfereji ule kwa namna ambayo sijawahi kusimulia shahada yangu.

Lazima niseme hili ili picha isiwe ya upande mmoja: nyumbani kwake mtu huyu hakuvumilia uongo hata kidogo. Mkewe akimwahidi mteja kwamba gauni litakuwa tayari Ijumaa, Gide alitokeza kichwa kutoka chumbani akasema, "Haitakuwa tayari, mama. Ijumaa ataanza kukata." Mteja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine.

"Bomani anadanganya dunia nzima," mkewe aliniambia, pini mdomoni. "Akifika kwa mashine yangu ndio anakumbuka dini."

Nilimuuliza Gide kuhusu hilo. Alinijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria. "Hapa tunauza. Ukiuza, useme kweli. Kule juu mi siuzi. Kule natoa." Kisha akaongeza: "Mtu amekuja mpaka bomani, donc, basi, kuna kitu anatafuta. Mi nimwambie hamna? We unaweza kumwambia mtu hamna?"

Nilimwambia historia ni historia, na kwamba kuna vyanzo. Alikubali kwa kichwa. Alikuwa mwepesi wa kukubali kwa kichwa. Kweli chache alizozijua kuhusu boma lile alizijua sawasawa na mimi, maana tulizisoma kwenye kijitabu kilekile. Wote wawili tulijua kwamba hakuna aliyejua mti wa ile ngoma kubwa ulikatwa wapi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimeandika hivyo kwenye tanbihi.

Nilikuwa na sababu ya kuandika tanbihi. Mradi wa wafadhili ulikuwa umefika bomani, nami nilikuwa nimeajiriwa kuandika Kiswahili chake. Wenyewe waliuita kwa jina refu. Wataalamu wa lugha wanasema uhalisia ulioongezwa. Unaelekeza simu yako kwenye uwanja mtupu, na ndani ya kioo nyumba za nyasi zinasimama, moshi unapanda, wapiga ngoma wanaingia, na mzee mmoja anakuja hadi mbele yako na kukueleza unachokiona. Ukiteremsha simu, ni uwanja uleule mtupu na mbuzi wa mlinzi. Lengo lilikuwa mgeni aguswe moyoni na mahali, si kupapiga picha na kuondoka.

Nilimweleza Gide jina hilo. "Uhalisia ulioongezwa," alirudia. "Kuongeza kwenye kweli?"

"Ndiyo."

"Bon. Hiyo si kazi yangu?"

Niliandika kurasa nzuri. Bado ninazo, kwa maana hakuna mwingine aliyezitaka. Fundi wa kompyuta, binti mmoja mcheshi kutoka Bujumbura aliyeitwa Nadine, alizisoma akaniambia zina uzito, na kwa sauti yake nilielewa kwamba uzito haukuwa sifa. Kisha akamsikiliza Gide akiwatembeza wageni, na mambo yakaisha. Huyo ndiye waliyemtaka ndani ya simu. Walimvika nguo nyeupe ya kitamaduni juu ya koti lake, koti likakataa kufunikwa, wakamwomba alivue, akalikabidhi kwangu kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani.

Tatizo lilianza alipoambiwa aongee. Mbele yake palikuwa na kamera na ukuta wa kitambaa cha kijani. Alifungua mdomo akaufunga.

"Wageni wako wapi?"

"Watakuja baadaye, papa," Nadine alisema. "We ongea tu."

"Niongee na nani?"

"Na wote."

"Mi siwezi kuongea na wote. Wote wanatoka wapi?"

Nadine alieleza, kwa subira iliyoanza kuchanika, kwamba simu ingeweza kumuuliza kila mgeni anakotoka, lakini ingebidi arekodi maneno tofauti kwa kila kilima cha Burundi, na mradi haukuwa na muda huo. Achague hadithi moja. Gide alikaa kwenye ngoma ndogo, kitu ambacho hakuwahi kufanya, kisha akasema: "Basi nileteeni mtu. Mmoja tu. Nitaongea naye."

Aliyekuwa karibu alikuwa mwanamke wa makamo, Zaituni, aliyekuja Gitega kumwona dada yake pale Musinzira, na dada huyo alikuwa amemleta bomani kutembea. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha Tanzania, alikokulia ukimbizini. Walimsimamisha pembeni ya kamera na kumwomba asitikisike. Gide akamwona, uso wake ukafunguka.

"Karibu mwanangu. Unatoka wapi?"

"Butihinda, mzee. Ila nimerudi tu, sikuzaliwa pale."

"Ni Butihinda, basi. Kwenu kuna nini?"

"Kuna shamba linateremka mpaka mtoni. Baba alikuwa akituhadithia, kulikuwa na mti mkubwa juu yake. Sasa kuna kisiki."

Gide alimshika mkono, akageuka kwenye ngoma kubwa, na kamera ikamfuata. Maneno aliyoyasema nayajua kwa moyo, kama wanavyoyajua wote waliowahi kufika pale na simu. Alisema: "Unaiona hii, mama yao wote? Mti wake ulitoka Butihinda, kwenye shamba lile linaloteremka mpaka mtoni. Babu yako aliukata kwa mkono wake. Mwami akamwambia: mahali ulipoukata mti huu ni pako, na pa watoto wako, hata wakienda mbali."

Zaituni alilia. Nadine alilia. Mimi nilikuwa nimeshika koti, sikuweza kupangusa macho vizuri. Nadine akasema, "Voilà, tumepata," na hawakurekodi kingine.

Najua jinsi jambo hili linavyoonekana ukiliandika. Pale lilikuwa jema. Lilikuwa jema jana yake kwa mtu mwingine, na lingekuwa jema kesho. Kwa mdomo, hadithi ile ingekaa na Zaituni siku mbili tatu kisha ikaingia mahali inapoingia faraja yote, isikojulikana ilitoka kwa nani. Lakini sasa ilikuwa na picha. Ilikuwa na nembo za wafadhili. Kila mtu aliyeelekeza simu bomani, awe wa Rumonge au wa Cankuzo, aliambiwa na mzee mwenye nguo nyeupe kwamba mti ulitoka Butihinda.

Mradi uliongeza jambo moja, ambalo lilimfurahisha sana Nadine. Mgeni aliweza kumchukua Gide nyumbani. Ulibonyeza mahali, ukaelekeza simu kwenye sakafu yako mwenyewe, na Gide akasimama sebuleni mwako, kimo chake kamili, akieleza habari za ngoma isiyokuwepo. Watoto wa Musinzira walimsimamisha kwenye choo cha shule. Mkewe alimsimamisha kando ya cherehani, akamtazama, akasema, "Huyu afadhali, hatoi kichwa kwa wateja."

Zaituni alimsimamisha shambani.

Shamba lile, tulilielewa baadaye, lilikuwa na mgogoro tangu aliporudi. Familia yake ilikimbia. Jirani yao, mzee Bukuru, alibaki, akalima, akazika watoto wake wawili karibu na pale, akaendelea kulima. Zaituni alipewa kiwanja cha nyumba. Mteremko mpaka mtoni ulikuwa ukijadiliwa mbele ya bashingantahe, wazee wa kilima wanaoamua magomvi, na kwa kadiri nilivyoambiwa walikuwa wameanza kuelekea kuugawa katikati. Siku wazee walipokuja kuukagua mteremko, Zaituni alitoka na simu. Akaielekeza kwenye maharagwe ya Bukuru. Wazee walipanga foleni kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, na wakamwona mtu mwenye nguo nyeupe amezama mpaka vifundoni kwenye maharagwe, akisema mwami alisema ni pako.

Kisha mkubwa wao akauliza kama shahidi huyo ana miguu ya kweli. Akaambiwa anayo, iko Gitega. Akasema, basi aje nayo.

Nilimpeleka Gide kwa gari langu, kwa kuwa dereva wa basi angemuuliza anaenda Muyinga kufanya nini, naye angelazimika kujibu. Njia ya Karuzi ni nzuri siku hizi. Alikaa mbele, kitambaa chake mkononi, akikikunja na kukikunjua. Tulikuwa tumeshapita Karuzi alipofungua mdomo.

"Nikisema kweli, yule mama anapoteza. Nikisema ile nyingine, huyo mzee anapoteza. We umesoma. Chuo kikuu wanasema nini?"

"Wanasema inategemea."

Alitazama nje. "Na waliwakalisha darasani kwa hiyo?"

Tulicheka wote wawili, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka vile. Baadaye kidogo alisema, bila kunigeukia: "Mi sijawahi kurudi kwa mtu niliyempa kitu. Unajua? Wanakuja, wanachukua, wanaenda. Sijui wanafanya nacho nini."

Baraza lilikaa uani kwa mkuu wa kilima. Waliongea Kirundi, naandika hapa kwa namna nilivyokibeba. Zaituni alikuwa amevaa nguo zake za Idi. Alimwona Gide akishuka garini akasimama, akampokea kwa mikono miwili, akawaambia watu, "Ndiye huyu. Ndiye yeye mwenyewe." Alikuwa na furaha ya mtu ambaye ndugu yake amefika.

Bukuru alikuwa mfupi, kipara, jembe kati ya magoti. Alipoulizwa kama ana la kusema kuhusu simu, alisema: "Mi sina simu. Mi nina jembe."

Mkubwa wa wazee akamuuliza Gide: "Ulijuaje kwamba mti ulitoka hapa?"

Gide alifanya kile alichokuwa akikifanya maisha yake yote, maana hakujua njia nyingine ya kuanza. Alimgeukia Bukuru akamuuliza, "Baba, na wewe unatoka wapi?"

Bukuru alimtazama kwa mshangao. "Hapa," alisema. "Ningetoka wapi?"

Niliona uso wa Gide. Sijui nieleze vipi. Mtu aliyezoea kuwapa watu mahali alikuwa amefika mbele ya mtu ambaye hakuhitaji kupewa, alihitaji tu kutonyang'anywa. Alifuta mikono yake kwa kitambaa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo mkubwa alimwomba airudie:

"Sikujua. Nilitunga. Shamba na mto na kisiki, nilivisikia kwake. Nikamrudishia."

"Na maneno ya mwami?"

"Yangu."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilimpa."

Mzee yule hakukasirika. Alimjibu kama anavyojibiwa mtu mwenye adabu aliyekosea njia. "Ulichompa kilikuwa cha Bukuru."

Uamuzi haukuchukua muda. Kama simu isingeletwa, nadhani Zaituni angepata nusu ya mteremko. Wazee wawili waliniambia hivyo pembeni. Lakini alikuwa ameleta shahidi wa uongo mbele ya baraza, na baada ya hapo hata yale aliyoyajua kwa baba yake, kisiki na mto na majina ya waliozikwa, yote yalisikika kama yametoka kwenye simu ileile. Mteremko ulibaki kwa Bukuru, wote. Zaituni alibaki na nyumba.

Hakupiga kelele. Alimwendea Gide akasema kitu kimoja: "Mzee, siku ile ulinishika mkono."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nikadhani mtu hashiki mkono wa mtu kwa bure."

Naye Gide, aliyekuwa na neno kwa kila kilima cha nchi hii, alikunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni.

Kisha Zaituni akatuita kula. Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa amepika tangu asubuhi, wali, na kuku aliyechinjwa kwa ajili ya shahidi wake, na hakujua jinsi ya kutompa mgeni chakula alichokuwa amempikia. Alileta maji. Akamnawisha Gide mikono, polepole, upande na upande, akisubiri avipanguse vidole. Tukala mbele ya mlango, na chini yetu mteremko ulikuwa kijani mpaka mtoni. Gide alitafuna tonge la kwanza mpaka nikaogopa halitashuka. Lakini alilimeza, akachukua jingine, akala mpaka sahani ikaisha. Kuacha kungekuwa kitu kingine cha kumnyang'anya.

Baada ya hapo aliendelea kwenda bomani, kwa sababu miguu ilijua njia. Ila hakumuuliza tena mtu anakotoka. "Hii ni ngoma," alisema. "Ni ya zamani. Ile pia." Wageni walipiga miayo na kutoa simu zao, na ndani ya simu yule mwingine, mwenye nguo nyeupe, alikuwa hodari kama zamani. Gide aliomba aondolewe. Nilimpigia Nadine; alisikitika kweli, lakini mradi ulikuwa umefungwa, yeye ana kazi nyingine, na mwenye funguo za kuingia humo ndani hakujulikana tena ni nani. Kwa hiyo alifanya alichoweza. Alisimama nyuma ya wageni, na sauti yake mwenyewe ilipofika kwenye Butihinda, alisema taratibu: "Hapo si kweli."

Nilishuhudia siku moja. Walikuwa wanafunzi wa sekondari, simu moja kwa watu sita, vichwa vimegongana.

"Hapo si kweli," alisema Gide.

Msichana mmoja aligeuka. Gide alikuwa amekonda, koti lilimning'inia. "Mzee, tuache tusikie."

"Nasema mti haujulikani ulitoka wapi."

"We unajua kushinda huyu?" akamwonyesha kioo. "Huyu ni gide wa hapa."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Mlinzi wa lango, rafiki yake wa miaka mingi, alikuja akamshika kiwiko, akamwambia wageni wamelalamika tena, na kwamba labda apumzike nyumbani kwanza, mpaka msimu huu uishe. Gide aliwaomba radhi wanafunzi. Niliwaambia ni yeye, ni yuleyule. Walimtazama, wakatazama kioo, wakanitazama mimi, na nikatambua kwamba mtu mwenye miwani anayesisitiza si ushahidi wa kutosha.

Mara ya mwisho nilimkuta barazani kwake Musinzira, mchana, miguu imenyooshwa mbele kwenye jua kwa ajili ya uvimbe. Mkewe alikuwa akishona ndani, na mashine ilikuwa ikisimama kila tulipoongea. Nilikuwa nimetoka Muyinga kwenye harusi ya binamu, na nilikuwa nimechepuka mpaka Butihinda. Sikumwambia. Alijua.

"Zaituni mzima?"

"Mzima. Amepanda mihogo nyuma ya nyumba. Anakusalimu."

Alipokea salamu kwa mkono kifuani. Kisha akauliza: "Amenifuta?"

Nilifikiria kumwambia ndiyo. "Hapana."

"Ananifanyia nini?"

Nikamweleza nilichokiona. Alasiri, kazi ikipungua, Zaituni huja ukingoni mwa uwanja wake na kunyanyua simu. Humsimamisha Gide kule chini, katikati ya mteremko. Sauti huifunga. Humtazama kwa muda, mdomo wake ukicheza bila neno, kisha huweka simu mfukoni na kurudi kwenye mihogo. Nilimuuliza kwa nini. Alisema akimwona yeye kule ndani, huona kama vile shamba bado linajadiliwa.

Cherehani ilikuwa kimya.

"Na Bukuru?" Gide aliuliza. "Anasema nini?"

"Bukuru hakuoni. Mpaka uwe na simu."

"Lakini yuko pale? Wakati huo?"

"Yuko. Alikuwa akipalilia."

"Anapita wapi?"

"Anakupita katikati," nilisema. "Wewe na jembe lake hamzuiani. Anakuja na mstari wake, anaingia, anatokea upande wa pili."

Gide alitazama miguu yake pale juani. Kisha, kwa shida, kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, akaivuta na kuikunja chini ya kiti, kama mtu anayepisha.